Ukulele Unaokoroma

Kazi yangu mimi ni kukaa nyuma ya kioo chenye tundu na kusikiliza watu wanaolalamikia mita za maji. Mtu anakuja amevimba, anasema mita yake imeharibika, na mimi namjibu kwa sauti laini kwamba mita haina tatizo, labda aangalie matumizi yake. Nalisema neno hilo kutwa nzima bila kupepesa macho. Kwa hiyo tukubaliane mapema kuwa katika habari hii mimi si mtu wa kuonewa huruma. Hasira zangu ziko puani, mdomo wangu hauna breki, na ule ukulele niliununua mwenyewe bila kuujaribu.

Chanzo cha yote ni mkono wa Mama. Mama ni fundi cherehani tangu kabla sijazaliwa, na alianguka kutoka kwenye stuli akitundika pazia, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Plasta ilipotolewa baada ya wiki sita, vidole vilikuwa vimekakamaa, havikunjiki wala havinyooki. Kama hujawahi kushona unaweza kusema afadhali, si mkono wa kushoto tu. Mwambie hivyo Mama uone. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu, lakini wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa chini ya sindano, ndio unaojua kama kimekunjana, kama kimeteleza, kama kinataka kwenda kombo. Bila huo, Mama alikuwa mtu anayekaa karibu na cherehani.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali alimpa mpira wa kubinya. Mama akaubinya siku mbili. Siku ya tatu nikauona mdomoni mwa mbwa wa jirani, na nilipouliza, Mama akasema mbwa alikuwa anauhitaji zaidi. Mtaalamu hakukasirika. Alisema basi mtafutieni kitu ambacho vidole vyenyewe vitakipenda, kitu cha kumfanya asahau kuwa ni mazoezi.

Jioni hiyohiyo nikitoka kazini nikapita kwenye duka la vyombo vya muziki, na pale ukutani ulikuwa umening'inia ukulele. Kwa asiyeujua, ni gitaa ambalo halijakua: nyuzi nne za nailoni, shingo fupi, unakaa mapajani kama paka. Muuzaji akaniambia ni rahisi, hata mtoto anaweza. Nikauchukua wa rangi ya manjano pamoja na kijitabu chenye picha za vidole, nikarudi nyumbani najiona nina akili kuliko hospitali nzima.

Na Mama aliupenda, sikudanganyi. Alikaa kwenye kiti chake cha kushonea, akavaa miwani, akafungua kijitabu juu ya meza ya cherehani, akaanza kuvibembeleza vidole kimoja kimoja vikae juu ya nyuzi. Sauti iliyotoka, Mungu anisamehe. Lakini mimi na Kaka tulikuwa tumekula njama. Kaka ndiye mkubwa wangu, kazi yake kupaka rangi nyumba, na anaishi chumba cha uani. Alinivuta pembeni siku ile ya kwanza akaniambia, "Sikiliza, huyu hata akipiga kwa nyundo sisi tunasema safi. Moyo wake ndio dawa."

Nikaona ana busara. Basi ikawa Mama akipiga, mimi jikoni, "Safi Mama!" na Kaka huko nje na brashi yake, "Umeiva!" Akikosea tunasifia, akipatia tunasifia. Shangazi akipiga simu tunamwekea simu karibu asikie, naye analia kwa furaha, maana naye tulishampanga. Tulimpaka Mama mafuta kwa mgongo wa chupa wiki tatu mfululizo, na tukajipongeza.

Mama mwenyewe hakuwa na haja ya sifa. Alikuwa na kipimo chake, na alitutajia mezani huku akimenya chungwa kwa mkono mmoja na meno. Kuna wimbo wa kubembeleza watoto aliokuwa akituimbia sisi, mfupi, sauti tano au sita tu. Alisema kama mwisho wa mwezi vidole vitaweza kuupiga wimbo ule wote bila kukwama, basi vitaweza na kitambaa. Visipoweza, cherehani anaiuza. Kuna mtu wa mtaa wa pili anayeshona mapazia, alishasema anaitaka.

"Utauza cherehani, halafu ukae ufanye nini?" nikamuuliza.

"Nitakaa," akasema.

Hilo neno lilinitisha. Mama hajawahi kukaa. Hata msibani anatafuta kifungo kilicholegea kwenye shati la mtu.

Wiki ya nne ukulele ukaanza kukoroma. Katikati ya ule wimbo kuna sauti moja inayopatikana kwenye uzi wa chini kabisa, kwa kidole cha pete, na Mama kila akifika pale badala ya sauti ikawa inatoka krrr, kama mtu aliyelalia mgongo. Mwanzoni alikuwa hafiki pale, anakwama mapema. Sasa alikuwa anafika, na anakoroma. Anarudia, krrr. Anabinya zaidi, krrr. Na sisi, watu wa maana, huku tunaitikia, "Safi Mama, umeiva!"

Alibinya siku tatu. Uzi ukamchora mfereji kwenye kidole. Jumatano nilirudi kutoka kazini nikakuta ukulele uko juu ya kabati, kijitabu kimefungwa, na Mama amekaa mikono mapajani akitazama ukuta.

"Kidole cha pete kimekufa," akaniambia, kwa utulivu, kama anayetaja bei ya unga. "Hakina nguvu ya kubinya. Nimempigia mtu wa mapazia, anakuja Jumamosi saa nane na mkokoteni."

Nikauteremsha ukulele nikaenda nao chumbani, nikafungua kijitabu pale penye wimbo, nikabinya uzi ule ule mahali pale pale kwa kidole changu kizima kabisa. Krrr. Nikabinya hadi kucha ikawa nyeupe. Krrr. Nikatoka mbio uani kwa Kaka. Kaka ana vidole vya mtu anayebeba ngazi kutwa, akibinya kitu kimebinyika. Akabinya. Krrr.

Tukatazamana.

"Ni chombo," akasema Kaka. "Kibovu."

"Tangu lini?"

"Tangu dukani, pengine. Nani kati yetu aliwahi kuusikiliza?"

Tukarudi sebuleni wote wawili, tumejaa furaha kama watu waliookota pochi. Nikasema, "Mama, kidole chako hakina tatizo. Ukulele ndio mbovu. Tumeujaribu sisi, na kwetu unakoroma vilevile."

Mama akanitazama juu ya miwani. Alitabasamu, lakini lile tabasamu la kumfungia mtu mlango taratibu.

"Asante wanangu," akasema.

"Siyo asante, Mama, ni kweli. Sikiliza." Nikapiga. Krrr.

"Umelegeza kidole makusudi."

"Sijalegeza. Kaka, mwambie."

"Haki ya Mungu, Mama," akasema Kaka.

"Juzi ulisema nimeiva," Mama akamwambia. "Na wewe huko jikoni ulisema safi, siku niliyopiga kijitabu kikiwa juu chini. Mimi nimeshona nguo za watu miaka thelathini na tano. Bwana harusi anatoka pale nyuma ya pazia suruali imemkaba kama soksi, nami nasema imekukaa vizuri mno. Hiyo sauti naijua, mwanangu. Nimeila na imenilisha. Mnanipenda, basi, yatosha."

Nikanywea. Wiki nne za uongo wenye mapenzi, na siku moja tuliyokuwa na ukweli mkononi, hakuna wa kuupokea. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake niliomba ruhusa nikaenda dukani kwa muuzaji, hasira zikiwa zimetangulia mbele yangu hatua tatu. Nikaweka ukulele kwenye kaunta nikamweleza yote, mpaka habari ya Mama na cherehani yake. Akauchukua, akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi zote nne bila kubinya popote, ukalia vizuri sana, kisha akaniambia kwa sauti laini:

"Chombo hakina tatizo, dada. Labda aangalie vidole vyake."

Sijui kama umewahi kusikia sauti yako ikitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimtolee ya mwaka, kikajifunga chenyewe. Niliwaona wale wote waliowahi kusimama mbele ya kioo changu, pamoja na bibi mmoja aliyekuja mara nne. Nikavuta pumzi. Nikasema taratibu, "Binya hapa, kwa kidole cha pete."

Akabinya. Krrr. Akabinya tena, akakuna kichwa.

"Hapo una haki," akasema. "Sina mwingine kwa sasa, mzigo unakuja mwezi ujao. Lakini yuko fundi nyuma ya duka la baiskeli, yeye anatengeneza chochote chenye nyuzi. Gharama juu yangu. Ila nenda na anayeupiga. Yule mwanamke hapokei chombo bila mpigaji wake. Nilishampelekea magitaa mawili peke yangu akanirudishia mlangoni."

"Kwa nini?"

"Anasema hawezi kukata nguo bila kumpima mtu."

Haya. Mwezi ujao ulikuwa mbali, na mkokoteni wa mapazia ulikuwa unakuja keshokutwa. Sasa nimpeleke vipi Mama kwa fundi wa ukulele ambao hataki hata kuuona? Nilifanya lile ninalolijua. Nikamdanganya. Nilimwambia Jumamosi asubuhi tunaenda kuurudisha dukani, na muuzaji anataka kumwona aliyeutumia ili aandike fomu. Mimi mtu wa ofisi, fomu naziweza. Mama akavaa viatu shingo upande, akasema turudishe basi, tusimwekee mwenye duka kitu chake.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa, kimejaa harufu ya gundi na vumbi la mbao. Magitaa yasiyo na nyuzi yalining'inia ukutani. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, amechomeka rula ya chuma kwenye nywele, anatafuna kitu. Kwa sababu ya hiyo rula, mimi namwita Rula mpaka leo.

"Nani anapiga?" akauliza kabla hatujaketi.

"Hakuna anayepiga," Mama akasema. "Tumekuja kurudisha. Fomu iko wapi?"

"Fomu gani? Hapa hapana fomu. Hapa nakarabati."

Mama akageuza shingo polepole akanitazama. Nikatazama magitaa. Nilitamani nijifiche ndani ya mojawapo.

"Huyu mtoto ananipenda," Mama akamwambia Rula, "akinipenda ananidanganya. Nimevunjika mkono, vidole havina nguvu, ukulele unakoroma, wao wanasema ukulele ndio mbovu. Nisamehe kwa kukupotezea muda."

"Hujanipotezea kitu. Piga nisikie."

"Nimesema havina nguvu."

"Nimesikia. Piga."

Labda ni kwa sababu hakusema "tafadhali" wala "utaweza". Mama akakaa, akauchukua, akapiga ule wimbo. Alifika pale penyewe. Krrr. Akaendelea mpaka mwisho, uso umekaza, akauweka chini.

Mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema safi. Nikaimeza.

"Ni vibaya," akasema Rula, akiendelea kutafuna. "Unakimbia pale mwanzo, kidole kidogo kimelala tu hakifanyi kazi, na mkono wa kulia unapiga kama unafukuza nzi."

Nilisimama. Niliapa moyoni kwamba yule mwanamke nitamla nyama. Lakini Mama alinyoosha mkono akanirudisha kwenye kiti bila kunitazama. Alikuwa ameinama mbele, anamkazia macho Rula, na nilimwona jinsi alivyochangamka. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu plasta.

"Na kule kukoroma?" Mama akauliza. "Ni kidole?"

"Sikwambii. Ukiambiwa hutaamini, umeshasema mwenyewe." Rula alikuwa ameshalegeza nyuzi, akazisukuma pembeni ili shingo ya ukulele ibaki wazi, na vile vyuma vyembamba vilivyolala juu yake, kimoja baada ya kingine, vikawa vinang'aa. "Mwenye duka kaniambia we ni fundi cherehani. Fumba macho. Pitisha kidole juu ya hivi vyuma, kuanzia juu kushuka chini, huku ukingoni."

Mama akatoa mkono wa kulia.

"Siyo huo," akasema Rula. "Huo uliokufa."

Huko nje baiskeli ilikuwa inajazwa upepo. Mama akafumba macho. Akaweka kile kidole cha pete, chenye mfereji wa uzi, juu ya chuma cha kwanza, akakishusha. Polepole, kama anavyopapasa pindo kutafuta uzi uliochomoza. Akapita cha pili. Akapita cha tatu. Akarudi kwenye cha tatu. Akapita tena, akarudi tena, akasimama.

"Hapa," akasema. "Hiki kimeinuka. Upande huu tu. Unene wa, sijui, kitambaa cha bitana. Kitambaa chepesi cha bitana."

Rula akachomoa rula kwenye nywele, akailaza juu ya vyuma. Juu ya kile cha tatu rula ikacheza, kama meza yenye mguu mfupi. Akamgeuzia Mama aone.

"Dukani hawakuona," akasema. "Mwanao ana mikono miwili mizima hajaona. Mimi mwenyewe nahitaji rula. Nani kasema kidole hiki kimekufa?"

Mama alikuwa ameushika ule mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, anautazama kama mtu aliyepokea mgeni.

Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu saa. Tone la gundi, nyundo ndogo ya mbao tok tok, chuma kikabanwa na kibano kikae, nyuzi zikarudishwa na kukazwa. Mama akapiga. Sauti ile ikatoka, nyembamba na safi, ya kwanza tangu nimeununua. Akaipiga mara tano peke yake kabla ya kuendelea na wimbo. Wimbo wenyewe akakwama, si pale, kwingine.

"Bado vibaya," Rula akasema.

"Najua," Mama akasema, akacheka, tena kicheko cha tumboni.

Tulipokaribia kona ya nyumbani, Mama akaniuliza.

"Ulikuwa unajua napiga vibaya?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Mama. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa ukijua, utaacha."

"Niliacha kwa sababu hiyohiyo," akasema. "Niliposikia krrr nanyi mnasema safi, nikajua basi, hali ni mbaya kiasi kwamba hata kuniambia haiwezekani. Mgonjwa wa kufa ndiye anayesifiwa hivyo."

Nilitembea nikilia pale barabarani, sina hata kitambaa cha kujifutia. Mama akanipa upindo wa mtandio wake, akaniambia nisiuvute, umeshonwa kwa mkono.

Mtu wa mapazia alikuwa amekaa kibarazani na Kaka, mkokoteni umesimama mlangoni. Ni mtu mstaarabu, anayeongea kwa kunong'ona. Alinyanyuka, akampa Mama pole ya mkono, akauliza kama cherehani iko tayari kubebwa.

"Ndugu yangu, nisamehe," Mama akasema. "Siuzi."

Yule mtu akamtazama Kaka, akanitazama mimi. "Lakini mama, ulinipigia mwenyewe. Uliniambia mkono umekufa."

"Nilisema hivyo."

"Umepona?"

"Hapana. Sijui hata kama mwaka huu nitamaliza shati moja." Mama akaunyanyua ule mkono wa kushoto, vidole vimekunjana nusu, akamwonyesha. "Lakini humu ndani, wiki nne, huu ndio peke yake uliokuwa unaniambia ukweli. Sasa niuze cherehani yake?"

Akaingia ndani. Tukasikia kifuniko cha cherehani kinaondolewa na kiti kinavutwa. Halafu gurudumu likazunguka, likasimama, likazunguka tena. Baada ya muda akatoka na kipande cha kitambaa cheupe chenye mshono mmoja, uliopinda kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akatuwekea mezani mbele yetu.

"Haya," akasema. "Semeni."

Kaka akanitazama mimi. Mtu wa mapazia akatazama viatu vyake. Machozi yangu yalikuwa bado hayajakauka vizuri.

"Umepinda, Mama," nikasema. "Umepinda wote."

Mama akauchukua, akauinua kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu.

"Kweli," akasema, akaenda kuufumua aanze upya.